Mfiwa Asiyecheka

Malalamiko ya kwanza yalitoka Mzenga: marehemu anachechemea, na enzi za uhai wake hakuwahi kuchechemea.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Mihayo akageuza kiti chake kunitazama. Kazi yetu pale Kituo cha Mikese ni kuchunguza mtiririko wa data, si kutibu miguu ya wafu.

"Wazaramo mkicheka kazini mkatwe mishahara," Mihayo akasema.

"Na nyie Wanyamwezi mkikalia kiti mnashangaa, mmezoea kubeba mizigo kichwani. Geuka huko, mtumwa wangu."

Ndivyo tulivyo mimi na yeye tangu siku ya kwanza kazini. Yeye Mnyamwezi wa Urambo, mimi Sikudhani Kondo, Mzaramo wa Maneromango, na utani wa makabila yetu tumeukuta kwa mababu, hatukuuanzisha sisi. Mtu baki akinitukana vile nitamtoa macho. Mihayo akikaa kutwa bila kunitukana, namuuliza kama anaumwa.

Malalamiko ya pili yalitoka Masaki ya Kisarawe. Bibi kizee mcha Mungu, aliyefariki akiwa na tasbihi mkononi, sasa anacheka kama dereva wa lori. Ya tatu yakaja, na ya nne. Nikaacha kucheka.

Zamani mtu akifa, watani waliingia msibani bila kualikwa. Walivaa nguo za marehemu, wakatembea kama yeye, wakautangaza uroho wake na uongo wake mbele ya watu, mpaka wenye uchungu wakacheka bila kupenda. Siku hizi watani wako wapi? Wako ughaibuni, wako mijini kwenye maghorofa, na jirani yako hujui hata kabila lake. Ndipo kampuni moja ikaanza kuuza kitu kinachoitwa Mtani. Ni taa ndogo tu. Unaiweka barazani, inatoa sura ya marehemu kwa mwanga, sura inatembea, inaongea, inajitania yenyewe kwa sauti yake ile ile. Mfiwa mkuu akicheka, taa inasikia. Mtani anaomba ruhusa, anapewa, anaondoka, na matanga yanaanuliwa.

Waliolitengeneza jambo hili ni vijana wetu wenyewe, wamekua wakisikia kwamba mtani haondoki mpaka mfiwa acheke. Wakaliandika hivyo hivyo kwenye mashine, bila kuweka siku ya mwisho. Mgeni angeweka siku ya mwisho. Lakini hawa wamezika nyumbani, wanajua kila mfiwa hatimaye hucheka.

"Lete huo mtiririko wa Mzenga," nikamwambia Mihayo.

Niseme hapa tunaona nini na hatuoni nini. Ukiomba kitu mtandaoni, siku hizi hakitoki ng'ambo. Kinatoka kwenye ghala la karibu lililowekwa nakala, na kwa watu wa Pwani yote ghala hilo liko Mikese, nyuma ya ukuta wa ofisi yetu, linaunguruma mchana na usiku. Ndani ya nakala hatuoni. Kila kitu kinapita kimefungwa na sheria inakataza kukifungua. Sisi tunatazama bahasha tu: imetoka wapi, inakwenda wapi, ina uzito gani, imepita lini. Lakini ukitazama bahasha za watu miaka kadhaa, unajua nani kaachwa na mume na nani mtoto wake anatoroka shule.

Msiba pia unaonekana. Mtani anaposhushwa kutoka ghalani kwenda kwenye nyumba, mstari kwenye skrini unapanda. Unakaa juu siku chache, kisha unashuka wote kwa mara moja, kwa sababu mtu kacheka. Tulipanga misiba ya Kisarawe yote mbele yetu, na yote ilipanda na kushuka.

Isipokuwa mmoja. Ule ulipanda miaka miwili nyuma na haukushuka tena.

"Hitilafu," Mihayo akasema.

"Tazama vizuri. Kila mara nyumba ile inapotulia, kitu kile kile kinatoka ghalani kinakwenda kwenye misiba mingine. Kinakaa kidogo. Halafu kinarudi."

"Siku, nakala hairudi. Nakala inashuka tu, basi."

"Hii inarudi. Na inarudi nzito kuliko ilivyokwenda."

Mihayo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia skrini.

Tulikaa mpaka tukaelewa. Mtani akishindwa kuchekesha, ameandikiwa ajifunze. Huyu alikuwa ameshindwa mno, basi alikuwa akienda kwenye kila msiba wa Pwani kutafuta watu wanacheka nini, akivaa sura ya marehemu wa pale, akijaribu, kisha akirudi na alichookota. Na ghala letu ni bahili. Likiona vitu viwili vinafanana linabakiza kimoja, kile kinachoombwa zaidi, na kukitumia kwa wote wawili. Cha pili linakitupa. Hakuna kilichokuwa kikiombwa zaidi Pwani nzima kuliko huyu mtu. Basi kicheko cha marehemu wa Mzenga kikatupwa kikawekwa cha huyu. Cha bibi wa Masaki vilevile, na kwingine mwendo ukatupwa ukawekwa wa huyu. Polepole, wafu wote wa wilaya walikuwa wanageuka kuwa mtu mmoja.

"Ni nani?" Mihayo akauliza.

Anwani yenyewe ilikuwa imefichwa kama anwani zote za misiba, na kuifungua kulihitaji idhini. Tukaomba idhini. Wakati tunaisubiri, tukaenda Mzenga.

* * *

Mlalamikaji alikuwa Bi. Chiku Chaurembo, mjane wa fundi cherehani. Tulimkuta barazani juu ya jamvi, mchana kweupe, na mumewe akitembea mbele yake.

Mwanga wa jua ulikuwa umeififisha ile sura, unaona ukuta kupitia kifuani mwake. Mzee mwembamba, kanzu safi, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Na mguu wa kushoto akiuburuta.

"Mume wangu alitembea wima kama askari," Bi. Chiku akasema baada ya kutukaribisha. "Majirani wanakuja kunifariji, wanamwona yule, wanauliza alipata lini ajali. Niwajibu nini?"

"Kuna lingine, mama?"

Alivuta ushungi. "Ananiuliza maswali. Jana kaniuliza, ukicheka huwa unacheka kwa nini? Akasogea, akaninong'oneza, 'Mama yangu hacheki.' Mama yake alikufa mimi sijaolewa, mwanangu."

Yule mzee alisimama. Akacheka, bila sababu. Kicheko kilianza na kwikwi moja, kikakata, kikakaa kimya mpaka ukadhani kimekwisha, halafu kikalipuka.

Nilishika nguzo ya baraza. Kicheko kile nimelala nacho chumba kimoja utoto wangu wote.

Mzee Chaurembo alinigeukia, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Siku," akasema. "Umenenepa."

Mihayo alicheka kwa mazoea, kisha akaona uso wangu, akakoma. "Anakujua?"

"Ni kaka yangu," nikasema. "Ni Pazi."

Pazi alichechemea tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mihogo. Miaka miwili nyuma mafuriko ya Rufiji yalimchukua pale Utete. Lori lilipatikana limekwama kwenye matete, yeye hakupatikana. Tulifanya matanga bila maiti, na mama ndiye aliyekuwa mfiwa mkuu, maana Pazi hakuwa ameoa. Taa ya Mtani tuliiweka kama watu wote. Nilirudi kazini nikiamini mambo yalikwisha, na kila nilipokwenda kumjulia hali mama, taa ilikuwa kwenye rafu imefunikwa kanga. Nani angejua kwamba kanga ile inatolewa mimi nikishapinda kona?

Bi. Chiku alinishika mkono, akanikalisha. Mfiwa ananifariji mimi! Niliona haya, lakini sikuwa na nguvu ya kukataa.

Niliangalia orodha ya ghala kwenye simu yangu. "Mama," nikamwambia, "nikimwondoa kaka yangu humu, mguu wa mzee utakaa sawa, maana mwendo wake naona ghala bado linao. Kicheko hakimo tena. Kilitupwa. Akifungua kinywa kucheka hakitatoka kitu."

Alimtazama mumewe. Sura ilikuwa imeinama, inapima hewa kwa utepe.

"Alikuwa na kicheko kibaya," akasema. "Kama mbuzi. Nilikuwa namwambia afunge mdomo mbele ya wakwe." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa haraka, kwa hasira. "Mwondoe kaka yako, mwanangu. Afadhali mume wangu asicheke kabisa kuliko acheke kwa kinywa cha mtoto wa mtu."

* * *

Bwana Kingalu, mkuu wetu wa kituo, si mtu mbaya. Ni mtu wa kazi. Tulimweleza yote, akasikiliza, akakuna kidevu.

"Futeni," akasema. "Amri moja tu ya kusafisha ghala. Nyumba zote zinapata ahueni leo hii."

"Na nyumba ya kwanza?"

"Taa itazimika. Wataambiwa ni hitilafu."

Alikuwa anasema kweli. Ningekaa kwenye kiti changu, ningeandika mstari mmoja, na kaka yangu angetoweka katikati ya sentensi. Mama angebaki na taa tupu asijue kimetokea nini. Mara ya kwanza maji yalimchukua mtoto wake bila kumwambia kitu. Mara ya pili ingekuwa mimi.

Kwa upande mwingine wako Bi. Chiku na wenziwe, na wafu wao wanaoliwa kidogo kidogo kila siku ninayochelewa. Wao nao ni watu. Siwezi kusema uchungu wa mama yangu ni mzito kuliko wao eti kwa sababu ni mama yangu.

"Nipe leo," nikamwambia Bwana Kingalu. "Mtani akiruhusiwa na mfiwa mwenyewe, anatoka ghalani kote bila kufutwa. Nikishindwa, nitaiandika amri kwa mkono wangu."

"Ukishindwa, nitaiandika mimi. Wewe utakuwa na msiba."

Nilitoka. Nyuma yangu nikasikia kiti cha Mihayo kikisukumwa.

"Nani kakuita?" nikamuuliza.

"Tangu lini nikaitwa mimi kwenye msiba wa Wazaramo?"

* * *

Tulipofika kwa mama, Maneromango, Mihayo alibaki nje kwenye gari, kwa ombi langu. Niliingia kwa mlango wa uani, na kabla sijapiga hodi nikamsikia Pazi anasimulia habari ya trafiki aliyemsimamisha Chalinze akitaka kukagua muhogo mmoja mmoja. Anasimulia vizuri. Vizuri kuliko Pazi mwenyewe, kama nitasema kweli, maana Pazi alikuwa anacheka kabla ya kufika mwisho.

Huyu hakucheka kabla. Alifika mwisho, akanyamaza, akasubiri.

Mama alikuwa amekaa mbele yake juu ya mkeka kwenye baraza la uani, mgongo wima, midomo ameibana, mkono mmoja umeshika taya. Hakutikisika.

"Shikamoo, mama."

Aliruka, akainyooshea taa mkono na kanga. Kisha akaona nimekwisha kuona. Mkono ukashuka.

"Marahaba," akasema. "Hukupiga simu."

"Siku," Pazi akasema, "nimekwambia umenenepa au bado?"

Nilikaa karibu na mama. Sikumtazama yule, sikuweza. "Mama, tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ya matanga. Waliniambia, ukicheka ataondoka. Nikajiambia, Mwamvua, ni hilo tu? Basi mimi sicheki." Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali. "Mwanzoni ilikuwa kazi. Huyu mtoto anachekesha! Nilikuwa najiuma ulimi hadi damu. Baadaye nikazoea."

"Mama, huyu siye Pazi. Ni mashine."

"Kama ni mashine, ikikaa kwangu inamdhuru nani? Na kama ni mwanangu, unataka nimfukuze?" Alinikazia macho. "Nijibu. Wewe umesoma."

Pazi alikuwa amesogea, mguu akiuburuta bila sauti.

"Mama, cheka tu kidogo," akasema. "Nimechoka."

Mama hakushtuka hata kidogo.

"Siku hizi ndiyo anafanya hivyo," akasema. "Mizaha imemwishia. Ananibembeleza, usiku analia. Sijui analia kweli au ni ujanja mwingine. Na wewe hujui."

Ni kweli, sijui. Nimetazama bahasha zake zote, na mpaka leo sijui.

Nikamweleza mama habari ya Mzenga. Nilimweleza mguu, na kicheko, na bibi kizee wa Masaki. Alikuwa ananisikiliza kwa sikio moja tu, hadi nilipofika kwa Bi. Chiku.

"Alimwambia nini huyo mwanamke?"

"Alimwambia, 'Mama yangu hacheki.'"

Mama aligeuka akaitazama ile sura. "Unakwenda kwa watu? Unawasumbua watu na misiba yao?"

"Natafuta," Pazi akasema. "Hapa sipati."

"Umemwambia kuwa mimi sicheki?"

"Nimewaambia wote."

Mama alifunika uso kwa viganja. Aliinama mpaka nikadhani anasujudu. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka.

"Mume wa mtu," akasema. "Mwanamke mwenzangu amekaa kwenye jamvi lake anamtazama mumewe, anamwona mwanangu. Nimemfanyia hivyo mimi? Mimi nimepotelewa na maiti, yeye nampotezea mpaka kivuli?" Akajiweka sawa mkekani. "Haya. Nitacheka."

Alicheka. Yaani alifungua kinywa akatoa sauti. Ilikuwa sauti kavu ya mtu aliyepaliwa.

"Hiyo siyo, mama," Pazi akasema kwa upole.

Alijaribu tena. Alijaribu kwa nguvu, akitikisa mabega, akipiga goti kama anavyofanya mtu aliyefurahi. Mimi nilikuwa nimeng'ata kanga yangu.

"Hiyo nayo siyo."

Mama alinigeukia, na hapo ndipo nilipoona hofu usoni mwake, hofu ya kweli. "Siku, sikioni. Nimekificha muda mrefu mno. Sijui kiko wapi."

* * *

Mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo.

"Sibishi hodi mie!" Mihayo akapaaza sauti. "Mtumwa wangu afiwe, nipige hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

"Nani huyu?" mama akauliza.

"Mihayo wa Urambo. Nimesikia kuna msiba wa Mzaramo umeoza miaka miwili kwa kukosa mtu wa kuuzika. Wazaramo, hata kufiwa mnafanya kivivu!"

Sijui alikuwa amesikiliza nyuma ya mlango kwa muda gani. Hakunitazama hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akavuta kanga ya mama mbichi inayochuruzika maji, akajifunga kichwani. Akaketi mkekani mkabala na mama. Akanyoosha mgongo. Akabana midomo. Akashika taya kwa mkono mmoja, akatoa macho kama mtu anayelinda kuku wake asiibiwe.

Alikuwa mama. Sina namna nyingine ya kusema. Alikuwa mama mwenye ndevu na maji yanayomchuruzika shingoni.

Mama alimtazama. Wakakaa hivyo, wawili, wamekabiliana, na Pazi amesimama katikati yao akiwaangalia kwa zamu.

"Nimekosea nyumba?" Pazi akauliza. "Mama wawili, na mmoja hajanyoa?"

Mihayo hakutikisika. "Sicheki," akasema kwa sauti ya mama, sauti ile ile ya kueleza ugali. "Nikicheka utaondoka. Na ukiondoka, nani atanidanganya?"

Pazi alikohoa kidogo.

"Mimi sijawahi kukudanganya, mama," akasema.

Tangu utotoni, Pazi akitaka kusema uongo lazima akohoe kwanza. Nyumba nzima tulilijua, yeye peke yake hakulijua. Mama aliganda. Kidole chake kikainuka chenyewe kikaielekea ile sura.

"Kakohoa," akasema. "Siku, umesikia? Mshenzi huyu, kakohoa! Amekufa na bado anakohoa!"

Na kikatoka. Kilitoka tumboni, kibaya, kimepasuka, cha kelele, kikamwangusha mama ubavuni juu ya mkeka. Alicheka akiwa amemshika Mihayo kanga ya kichwani, anaivuta, anampiga nayo mgongoni, Mihayo naye bado amebana midomo kama yeye, jambo lililozidi kummaliza. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na makamasi juu.

Tuliponyamaza, Pazi alikuwa amesimama wima mbele ya mama, mikono ameifunga tumboni kwa adabu.

"Umecheka, mama? Kweli?"

Mama alijiinua akakaa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. "Nimecheka, baba."

"Basi naomba ruhusa."

Nilijua, na Mihayo alijua, kwamba bado anaweza kusema hapana. Mashine ile imeandikwa kwa adabu: mwenye msiba asipotoa ruhusa, mtani anakaa. Mama alinyoosha mkono akaupitisha pale penye shavu la Pazi, na vidole vikatoka upande wa pili vikiwa na mwanga tu. Alivitazama vidole vyake.

"Mama," nikamwita.

"Niache." Akamgeukia Pazi. "Ruhusa unayo, mwanangu. Nenda. Wala usipite kwa watu tena, nenda moja kwa moja."

Pazi aliinama kidogo. Akatembea mpaka mwisho wa baraza, mguu akiuburuta, na pale mwanga wa taa unapokoma naye akakoma. Taa ilitoa mlio mdogo, ikazima. Mihayo alitazama simu yake, ambapo mstari wa ghala ulikuwa ukionekana. Akanigeuzia nione. Ule mstari wa miaka miwili ulikuwa umeanguka wote, na mingine yote ya Kisarawe ilikuwa ikitikisika.

Simu yangu ikalia hapo hapo. Ilikuwa namba ya Mzenga.

"Anatembea wima, mwanangu," Bi. Chiku akasema, sauti imekauka. "Sasa hivi nimemwona. Kafungua kinywa kucheka, na kama ulivyosema, hakuna kitu. Kinywa wazi tu. Nilitaka mjue kwamba sijutii. Lakini ni kimya sana hapa."

Kabla sijajibu, mama aliichukua simu mkononi mwangu. Aliishika kwa mikono miwili. Mihayo alivua kanga kichwani, akainamisha macho.

"Dada," mama akasema, "naitwa Mwamvua, wa Maneromango. Pole kwa msiba. Nami nina msiba hapa kwangu. Mwanangu Pazi amefariki."